Nimetoka jela, nina homa ya ini C. Je, hospitali ya maveterani bado inanihusu?

Shikamoo mama,

Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeifuta. Leo naituma kama ilivyo.

Nimezaliwa Morogoro. Nilikuja Marekani 2001 kwa bahati nasibu ya green card, na 2004 nikajiunga na jeshi. Nilikaa Iraki mwaka mmoja, 2005 hadi 2006, na uraia niliupatia humo humo jeshini. Nilipotoka 2008 mgongo ulikuwa umeharibika na usingizi umepotea, wakanipa fidia ya ulemavu ya asilimia 30. Mgongo ukaniletea vidonge vya maumivu, vidonge vikaniletea sindano, sindano zikanipeleka jela. Nimetumikia miaka minne katika gereza la jimbo jingine, silitaji. Kifungo nimekimaliza chote, ni miezi saba sasa, na naishi Dallas kwa dada yangu.

Gerezani nesi alinipima damu akaniambia nina hepatitisi C. Nikauliza dawa iko wapi. Akasema ini langu bado halijachakaa vya kutosha, nisubiri. Kila miezi sita walinitoa damu, na kila mara jibu likawa lile lile. Mama, nilifika mahali nikawa natamani ini liharibike haraka ili nipewe dawa.

Wenzangu wa ndani waliniambia ukishafungwa, VA, yaani idara ya maveterani, imekufuta. Mmoja alitibiwa miaka ya nyuma kwa sindano za mwaka mzima. Alikonda, akawa analia usiku, na mwisho virusi vikarudi. Nikiwaza hayo nasema bora nikae hivi hivi. Tena nasikia lazima ukae miezi sita bila pombe, na mimi bia mbili tatu za mwisho wa wiki bado nakunywa. Sindano sijagusa tangu nifungwe.

Kuna deni pia. Nilipofungwa sikuwaambia VA. Fidia ikaendelea kuingia kwenye akaunti miezi 14, na mwenzangu wa wakati ule alikuwa analipia nyumba. Baadaye walijua, wakaipunguza. Miezi mitatu iliyopita barua imenikuta hapa kwa dada: nadaiwa zaidi ya dola 4,000. Naogopa nikijitokeza hospitalini jina langu litawaka nyekundu kwenye kompyuta na watanikamata na deni lao.

Na hapa nyumbani. Nimetenga sahani moja ya bluu na kikombe, naviosha mwenyewe, naviweka dirishani. Dada anadhani ni mambo ya jeshi. Hajui. Ananichemshia mwarobaini kila asubuhi kwa sababu anaona nachoka, na nameza omeprazoli ya dukani kwa ajili ya kiungulia. Mpwa wangu wa miaka 14 ananiomba nimnyoe kama nilivyokuwa nawanyoa wenzangu kambini. Nimemkatalia mara mbili. Mara ya pili aliniangalia, akaondoka bila neno.

Nifanye nini?

Aliyerudi, Dallas


Marahaba mwanangu. Pole na safari yote hiyo, na nashukuru hukuifuta mara ya nne.

Kufungwa hakujakufuta VA. Waliokuambia hivyo walishika nusu ya habari. Kanuni ya Idara ya Masuala ya Maveterani inasema mtu akiwa ndani ya gereza au taasisi nyingine ya serikali yenye wajibu wa kumtibu, VA haimtibu, kwa sababu mzigo ule ni wa gereza. Siku unayotoka langoni, mzigo unarudi kwao. Haki yako ilikuwa imelala miaka minne, na miezi saba iliyopita iliamka bila mtu kukuambia. Kuna hata mpango wa VA wa huduma za afya kwa maveterani wanaotoka gerezani, ambao wafanyakazi wake huingia magerezani kuonana na wanaokaribia kutoka. Inaniuma kwamba hawakukufikia. Ukifika, uliza mtaalamu wa mpango huo, maana kazi yake ni watu kama wewe.

Na wewe usomaye hii ukiwa nje kwa parole, yaani umeachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, usijihesabu bado umefungwa. Parole haikuzuii kutibiwa VA.

Sasa dawa. Yule mwenzako hakukudanganya, alikusimulia enzi iliyopita. Alichomwa interferoni, pengine pamoja na ribavirini, wiki 24 hadi 48. Dawa ile ilileta homa, ilipunguza damu, na ilitia watu huzuni nzito, jambo baya mno kwa askari ambaye tayari halali. Na wengi haikuwaponya. Nimefanya kazi ya unesi miaka ile na nimeshika mikono ya watu waliokuwa wanaomba tuisimamishe. Mwishoni mwa 2013 ikaja sofosbuviri, kidonge cha kumeza, na mambo yakageuka. Leo wagonjwa wengi hupewa mojawapo ya tiba mbili. Kuna sofosbuviri iliyochanganywa na velpatasviri, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12, na kuna glekapreviri na pibrentasviri, vidonge vitatu kwa mpigo pamoja na chakula, mara nyingi kwa wiki 8. Zaidi ya watu 95 katika kila 100 wanaozimaliza hupona. Nasema kupona kabisa, virusi vinatoka mwilini. Wengine huumwa kichwa au huchoka kidogo, na wengi huendelea na kazi zao.

Nikueleze na kwa nini gereza lilikuambia usubiri, maana naona umebeba jibu lile kama vile lilikuwa la kitabibu. Sofosbuviri ilipotoka iliuzwa dola 1,000 kidonge kimoja. Vidonge 84, dola 84,000. Magereza yakatazama bajeti, yakaanza kuchagua nani ini lake limeharibika vya kutosha kulipiwa. Ulikuwa umesimama kwenye foleni ya fedha, mwanangu. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema tangu 1976 kwamba gereza kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni kuvunja Katiba, na 2017 majaji wa shirikisho huko Pennsylvania na Florida waliamuru wafungwa wenye hepatitisi C wapewe dawa hizi. Kwa hiyo ule uchungu wako wa kutamani ini lioze ili uhesabiwe mgonjwa, hukuutunga kichwani. Wapo walioupeleka mahakamani wakasikilizwa.

VA nao walianza kwa kuchagua, fedha zilipokuwa chache. Ila 2016, baada ya Bunge kuongeza fedha na bei kushuka, walifungua mlango kwa kila mveterani aliyesajiliwa kwao, bila kuangalia ini limefika hatua gani. Wameshatibu zaidi ya maveterani 100,000 kwa vidonge hivi. Wamo waliolala mitaani, wamo wenye kesi, wamo wanaokunywa. Kwako wewe mwenye asilimia 30, mchango wa dawa ya aina hiyo hauzidi dola 11 kwa kila siku 30, yaani takriban dola 33 kwa wiki 12, na kipato chako kikiwa kidogo unaweza kusamehewa hata hizo. Na huhitaji kuthibitisha kwamba ugonjwa uliupatia jeshini. Hilo huulizwa kwenye fidia, haliulizwi kwenye matibabu. Kwa kawaida sheria haitoi fidia kwa ugonjwa uliotokana na kujidunga, isipokuwa ikithibitika kwamba kujidunga kwenyewe kulitokana na ulemavu ambao VA wameshaukubali, lakini usipoteze usiku kwa hilo, na daktari mwambie ukweli ulivyo. Anahitaji kujua ili akulinde usiambukizwe tena, maana kupona hakukupi kinga.

Jumatatu asubuhi piga 877-222-8387, namba ya VA ya usajili wa matibabu. Waulize kama bado umo kwenye daftari, na wape anwani ya kwa dada. Kama hukuwahi kusajiliwa, fomu ni 10-10EZ, inajazwa kwa simu hiyo hiyo au mtandaoni, na uwe na DD-214 yako, ile hati ya kuondoka jeshini, karibu. Kisha omba miadi ya daktari wa kawaida na useme kwa mdomo wako: nina hepatitisi C na sijawahi kutibiwa. Usingoje wakuulize. Gereza ulilotoka nalo liombe rekodi zako za damu kwa maandishi. Zile za kila miezi sita, ambazo zilikuumiza, sasa zina faida, kwa sababu daktari ataona ini limekwendaje miaka yote minne. Zikichelewa, usizisubiri.

Kipimo cha kwanza walichokupima huenda kilikuwa cha kingamwili, ambacho kinasema tu kwamba virusi viliwahi kuingia. Wapo ambao mwili wao ulivifukuza wenyewe. Kwa hiyo watapima virusi vyenyewe, vipo au havipo na ni vingi kiasi gani. Halafu wataangalia ini lina makovu kiasi gani. Siku hizi hawakuchomi sindano ya kutoa kipande cha ini, mara nyingi wanakokotoa kwa vipimo vya kawaida vya damu na umri wako, au wanakupitisha kwenye mashine inayopima ugumu wa ini juu ya ngozi, kama unapigwa ultrasaundi. Hakikisha wamepima na hepatitisi B, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala, na kwa sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki B si ngeni hata kidogo. Kama huna, chanjo ipo, nayo uombe. C haina chanjo.

Bia. Hakuna sharti la miezi sita. Huo ni uzio ambao baadhi ya majimbo na bima waliuweka, na madaktari wa ini wameukataa. Usiahirishe miadi kwa ajili ya bia. Lakini nami nikuambie kama mzazi: pombe na kirusi hiki vinakula ini moja, na kwa wiki 12 hizo ningefurahi kopo likibaki dukani. Na ikitokea siku sindano ikakuita tena, VA wana buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa aina hiyo, na watu wa kukushika mkono. Mtu aliyeteleza naye anatibiwa hepatitisi C.

Omeprazoli umeitaja kwa kupita tu, lakini hiyo ndiyo sentensi niliyoipigia mstari. Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini. Dawa za kiungulia zinaikausha asidi hiyo, na kidonge cha bei kubwa kinaweza kupita bila kufanya kazi yake sawasawa. Mtajie mfamasia kila unachomeza, pamoja na vya usingizi na vya mishtuko ya vita, na hasa kama umepewa dawa ya kifafa iitwayo karbamazepini au dawa ya moyo iitwayo amiodaroni. Mwarobaini wa dada upumzike. Najua anaupika kwa upendo, na namna ya kumwambia nakuja nayo hapo chini. Ini ndilo linalochuja kila kitu, na baadhi ya mitishamba inaliumiza. Ule mmea unaouzwa Marekani kama tiba ya huzuni, St. John's wort, unapunguza sana nguvu ya dawa hizi.

Tuje kwenye deni, na hapa nataka uharakishe kuliko kote.

Sheria yao ni kwamba mtu akifungwa kwa kosa kubwa, kuanzia siku ya 61 fidia yake inashuka. Mwenye asilimia 20 kwenda juu analipwa kiwango cha asilimia 10. Tofauti iliyoendelea kuingia kwako ndiyo wanayoidai. Lakini upande wa pili hukuuona: fidia inarudi kiwango chake cha zamani unapotoka, na ukiwaarifu ndani ya mwaka mmoja wanakulipa tangu siku uliyotoka. Ukipitisha mwaka, unahesabiwa tangu siku uliyowaambia. Wewe una miezi saba nje. Umebakiza mitano, na kila mwezi unaonyamaza unalipwa pungufu. Namba ya upande wa fidia ni 800-827-1000. Uwe na karatasi ya kuachiwa yenye tarehe.

Deni lenyewe unaweza kuomba lisamehewe lote au sehemu, au ulipe kidogo kidogo. Ombi la msamaha linapokewa ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya kwanza, na unaambatanisha fomu 5655 inayoonyesha mapato na matumizi yako. Usiijaze peke yako mezani usiku. Texas Veterans Commission, tume ya jimbo ya maveterani, wana watu wa kukujazia bure, na vyama vya maveterani kama American Legion na DAV pia. Akitokea mtu anataka umlipe asilimia fulani ya fidia yako, mwache.

Hospitali na ofisi ya madeni ni milango miwili tofauti. Nesi atakayekutoa damu hana kazi na dola 4,000 hizo, na kudaiwa fidia iliyozidi hakukunyimi daktari.

Nimeacha nyumbani mwisho kwa sababu nadhani ndipo panapokuuma zaidi. Hepatitisi C inakwenda kwa damu kuingia kwenye damu. Haiendi kwa sahani, kwa kikombe, kwa kukumbatia, kwa kukohoa, wala kwa kulala chumba kimoja na watoto. Ile sahani ya bluu haijamkinga mtu yeyote kwa sababu hapakuwa na hatari ya kukingwa. Imekutenga wewe tu. Irudishe kabatini. Vya kutenga ni vile vinavyoweza kugusa damu bila wewe kuona: wembe, mswaki, mkasi wa kucha. Tone lililokauka juu ya chuma linaweza kubeba kirusi hai kwa wiki kadhaa, hivyo hapo uangalifu wako una maana.

Mpwa wako mnunulie mashine yake ya kunyolea, mpya, jina lake juu ya kiboksi. Ile yako ibaki yako. Kisha mkalishe umnyoe. Mikono yako haimdhuru. Ukijikata, simama, funga kidonda, endelea. Ulimkatalia ili umlinde, ila yeye aliona anakataliwa, na kijana wa miaka 14 hulibeba hilo muda mrefu.

Dada mwambie. Sikulazimishi kumwambia historia yote ya sindano, hiyo ni yako. Inatosha: dada, nina ugonjwa wa ini unaopona kwa vidonge, naanza matibabu, na chai ya mwarobaini naomba tuiache mpaka daktari aseme. Mtu anayeamka alfajiri kukuchemshia majani hatakukimbia kwa sentensi hiyo. Naye apimwe. Si kwa sababu yako: tangu 2020 ushauri wa afya Marekani ni kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Mwenzako wa zamani, na yeyote mliyechangia sindano, nao wapelekewe habari, hata kwa ujumbe mfupi.

Wasomaji wengine watauliza: na mimi niliyetolewa jeshini kwa hati mbaya? Aliye na hati iliyo ngazi moja chini ya ile ya heshima kamili, ile waiitayo "General", anatibiwa. Aliye na hati mbaya zaidi ya hiyo asijihukumu mwenyewe. Aombe, VA wapitie mazingira ya kuondoka kwake, na huku akiomba jeshi lenyewe liirekebishe hati. Kanuni za mapitio hayo zililegezwa 2024. Wakati anasubiri, vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato vinapima na kutibu, na watengenezaji wa dawa wana mipango ya kuwapa bure wasio na bima. Texas haijapanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo mtu mzima asiye na mtoto hapo Dallas asiitegemee sana.

Utakapopewa chupa ya kwanza, kama ni ile ya sofosbuviri na velpatasviri, ndani mna vidonge 28 vya rangi ya waridi, vyenye umbo la almasi. Chupa ni tatu. Meza saa ile ile kila siku na usiruke. Askari mmoja wa umri wako niliyemhudumia alikuwa anaandika tarehe kwa kalamu kwenye kifuniko, moja chini ya nyingine, mpaka nafasi ikaisha akahamia ubavuni. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho wanapima tena, na virusi visipoonekana, umepona. Kipimo cha kingamwili kitaendelea kusema "ndiyo" maisha yako yote, usishtuke, tunza karatasi ya kile cha virusi. Na kama ini litaonekana lilishafika kwenye sirosisi, yaani makovu mazito, utaendelea kupigwa ultrasaundi kila miezi sita hata baada ya kupona, kwa sababu ya saratani. Hiyo usiikose.

Jumamosi mnyoe kijana. Jumatatu simu mbili, ya matibabu na ya fidia. Nitasubiri barua yako ya pili yenye majibu ya damu.